Gramafoni ya Hendeli: Mashine Isiyo na Pa Kukopa Nguvu

Kunja karatasi ngumu kama ile ya muuza njugu wa stendi ya matatu. Chomeka pini kwenye ncha yake, kisha gusisha pini hiyo kwenye santuri ya zamani inayozunguka (iwe santuri usiyoijali, maana itachubuka). Karatasi itaimba. Sauti itakuwa nyembamba, yenye mkwaruzo, lakini maneno utayasikia yote. Hakuna waya wala betri wala spika.

Gramafoni ya hendeli ni ile karatasi ya njugu iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi. Nguvu yote inayolifikia sikio hutoka kwenye springi uliyoizungusha kwa mkono wako: springi inaizungusha santuri, mfuo wa santuri (ule mtaro mwembamba uliochorwa juu yake) unaisukuma sindano, sindano inakitikisa kiwambo (kisahani chembamba kinachotetemeka), kiwambo kinausukuma upepo ndani ya pembe. Kinachovuja njiani hakirudi, kwa sababu mashine haina pa kukopa nguvu nyingine. Ndiyo maana, gramafoni iliyoteremshwa kutoka darini ushago na kuletwa Nairobi ikakohoa badala ya kuimba, mtu hulaumu pembe au mota, ilhali ugonjwa mara nyingi uko kwenye sindano, kwenye ringi mbili za mpira, au kwenye grisi iliyoganda. Vitu vidogo vya bei ndogo.

Historia yake kwa ufupi. Mwaka 1877 Thomas Edison alitengeneza mashine ya silinda iliyozungushiwa karatasi ya bati, ambayo sindano yake ilichora juu na chini. Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, akapata hataza mwaka 1887 kwa mfuo unaoyumba kushoto na kulia, na baadaye kidogo akaupeleka kwenye sahani bapa. Ubapa huo ndio ulioshinda biashara. Sahani bapa inaweza kukandamizwa kwa kalibu kama sarafu, nakala mamia kwa mamia, wakati silinda za mwanzo zilirekodiwa karibu moja moja. Kasoro ya Berliner ilikuwa mkono: mashine zake za kwanza zilizungushwa na msikilizaji mwenyewe muda wote wa wimbo, na mkono ukichoka mwimbaji naye anashuka sauti. Mwaka 1896 Eldridge Johnson, fundi wa mitambo wa Camden, New Jersey, akampatia mota ya springi inayoenda kwa mwendo mmoja. Tangu hapo hadi miaka ya 1950 ule mtambo wa ndani haukubadilika sana. Anayeielewa mota moja ameshaelewa karibu zote.

Huku kwetu mashine hii iliingia pamoja na nyimbo za wengine, ila haikuchukua muda ikaanza kuimba Kiswahili. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi taarabu kwa kampuni ya santuri ya HMV. Santuri ya inchi 10 hubeba takriban dakika 3 kila upande, na taarabu haina haraka hiyo, kwa hiyo wimbo ulipaswa kukatwa au kugawanywa pande mbili. Kisa kinachochekesha zaidi ni cha Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipopita kwao kurekodi muziki, alikuta wasichana wanamwimbia kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, waliyemjua kwa santuri tu. Mtu hakuonekana, sauti ilitoka kwenye sanduku, basi wimbo ukampa umbo la nusu mtu, nusu paa.

Turudi kwenye mashine. Kabla hujafungua skrubu yoyote, angalia santuri.

Zile zinazouzwa kwa wingi Nairobi, pale Soko la Kenyatta na kwenye vibanda vya vitu vya zamani, ni za vinaili: zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizotamba hapa kuanzia miaka ya 1960, na zile kubwa za mizunguko 33. Hakuna hata moja kati ya hizo inayostahili kuwekwa kwenye gramafoni ya hendeli. Kisanduku cha sauti (kile kinachobeba sindano na kiwambo) pamoja na mkono unaokishikilia hukandamiza santuri kwa uzito unaozidi gramu 100. Mashine ya kisasa ya vinaili hukandamiza kwa gramu 1 hadi 3. Sindano ya chuma ikipita mara moja tu kwenye vinaili inaacha kovu ambalo halifutiki. Unachohitaji ni santuri ya mizunguko 78, yenye mfuo mpana takriban mara mbili au tatu ya ule wa vinaili. Utaitambua kwa uzito wake na ubaridi wake mkononi, na kwa tabia yake mbaya ya kuvunjika kama kigae ikianguka. Usishangae ukikuta 78 za Kihindi za miaka ya 1960. India iliendelea kuzikandamiza wakati Ulaya na Marekani zilikuwa zimeshaachana nazo.

Hizo 78 zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa miti ya India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Shelaki ni kama theluthi tu ya mchanganyiko. Unga wa mawe umo kwa makusudi: unaisaga ncha ya sindano katika mizunguko ya mwanzo mpaka ienee vizuri ndani ya mfuo. Kwa maneno mengine, santuri ni msasa, na sindano imekusudiwa kuliwa.

Kutokana na shelaki yanafuata mambo mawili. La kwanza, usisafishe 78 kwa spiriti, wala kwa dawa yoyote ya kusafishia yenye alkoholi, kwa kuwa alkoholi huyeyusha shelaki na mfuo utaondoka na kitambaa chako. Tumia maji ya uvuguvugu yenye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo na brashi laini, ukifuata mzunguko wa mfuo na kuilinda lebo isilowe, kisha suuza upesi na ukaushe. La pili, usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Shelaki hulainika kwa joto na santuri hujikunja kama papadi. Zihifadhi zimesimama wima, zikibanana kidogo. Zikilazwa moja juu ya nyingine za chini hupasuka.

Sasa sindano, ambayo ndiyo ninayoiona imeua santuri nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kanuni ni moja: sindano mpya kwa kila upande. Si kwa kila santuri, kwa kila upande. Piga hesabu. Kwenye ukingo wa nje wa santuri ya inchi 10 mfuo hupita chini ya sindano kwa karibu mita 1 kila sekunde, na karibu na lebo ni kama sentimita 40. Katika dakika 3 sindano imeburuzwa zaidi ya mita 100 juu ya msasa, ikiwa imebeba ule uzito wa gramu mia na ushei. Mwishoni ncha yake iliyokuwa ya mviringo imesagika ikawa na kingo mbili kama patasi. Upande ule ule haikuudhuru, kwa sababu ilisagika pamoja nao. Ukiihamishia kwenye santuri nyingine, zile kingo zinachonga kuta za mfuo, na unga mweusi unaouona ukijikusanya mbele ya sindano ni muziki wenyewe.

Sindano nene hutoa sauti kubwa, nyembamba hutoa sauti ya chini; hiyo ndiyo njia ya kuchagua ukubwa wa sauti kwenye mashine isiyo na kitufe. Isukume mpaka mwisho wa tundu, ukaze skrubu kwa vidole tu, bila koleo. Ikitazamwa kutoka pembeni ilale kwa nyuzi kama 60 juu ya santuri, ikiburutwa, isije ikasimama wima. Na tafadhali, sindano ya kushonea haifai: chuma chake ni kigumu mno, hakisagiki, kwa hiyo kinachosagika ni santuri. Msumari mdogo usiseme. Miiba, ajabu ni kwamba, iliwahi kuuzwa madukani kama sindano za gramafoni, ya mpungate hasa, pamoja na vijiti vya mianzi. Huimba kwa upole na kuihurumia santuri, lakini huhitaji kunolewa mara kwa mara na hushindwa kwenye sehemu zenye kelele.

Mwendo ni rahisi kupima. Weka kipande kidogo cha karatasi chini ya ukingo wa santuri kitokeze nje, shusha sindano, ndipo uhesabu: mizunguko 39 kwa sekunde 30. Hesabu sindano ikiwa imeshuka, kwa sababu mvuto wake hupunguza mwendo. Wengine hutumia kadi ya mistari inayowekwa juu ya santuri chini ya taa: mistari ikionekana imesimama, mwendo ni sawa. Hapa watu wa Nairobi huingia mtegoni. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kadi inayofaa ni yenye mistari 77, ambayo husimama kwenye mizunguko 77.92. Kadi iliyochapishwa kwa ajili ya Marekani ina mistari 92 kwa umeme wa hezi 60. Ukiitumia hapa itaonekana imetulia wakati santuri inakwenda kwa mizunguko 65, na mwimbaji atasikika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Tena inahitaji taa inayopepesa, kama balbu ya zamani ya waya au tyubu ya zamani. Balbu nyingi za LED hazipepesi vya kutosha na mistari haitasimama kamwe.

Mwendo ukipanda na kushuka hata baada ya kurekebisha, fungua mota. Kwanza iache iende mpaka springi iishe kabisa. Hili halina mjadala. Springi iliyojaa ikiachiwa ghafla huvunja meno ya gia, na ikiruka nje ya kopo lake hukata vidole. Ondoa sahani ya kuzungushia kwa kuivuta juu kwa mikono miwili huku mwenzako akigonga ncha ya mhimili taratibu kwa mpini wa bisibisi. Kama kuna klipu, itoe kwanza. Fungua skrubu za ubao na uugeuze.

Utaona kopo la springi, gia mbili tatu, na kijitu kinachozunguka kwa kasi chenye vijiuzito vitatu juu ya vipande vyembamba vya chuma. Hiyo ndiyo gavana (haichaguliwi kila miaka 5, lakini kazi yake ni hiyo hiyo ya kuzuia wengine wasikimbie). Ikizunguka haraka, vijiuzito hutanuka na kuvuta kisahani ambacho hujisugua kwenye pedi ya ngozi au sufi. Msuguano huo hupunguza mwendo. Pedi ikikauka hulia na kutetemesha sauti: ipe tone moja la mafuta ya cherehani. Kipande kimoja kati ya vile vitatu kikivunjika au kupinda, gavana inapepesuka na noti ndefu zinayumba kama mlevi. Badilisha vyote vitatu kwa pamoja, vya unene uleule. Nunua vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vya kukatwa kwenye bati havina ubishi wa kurudi.

Gia zisafishe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, zikaushe, kisha tone moja la mafuta kila penye mhimili unaozunguka na grisi kidogo kwenye meno. Zile dawa za kopo za kupulizia kutu usizimwage humu. Zinaosha grisi nzuri, zinakauka baada ya wiki chache na kuacha gundi.

Springi yenyewe ina dalili yake maalumu: mashine inacheza, mara unasikia "du!" kutoka tumboni na mwendo unaruka. Hiyo ni grisi ya zamani iliyoganda kama nta, mikunjo ya springi inashikana kisha inaachiana kwa mkupuo. Dawa ni kuitoa, kuiosha kwa mafuta ya taa na kuipaka grisi mpya yenye grafiti. Nitasema wazi: kama hujawahi kuona ikitolewa, mpe fundi. Hata ikiwa tupu, ni utepe wa chuma wa mita kadhaa uliokunjwa kwa nguvu ndani ya kopo dogo. Anayeitoa avae glavu za ngozi na miwani, alifunike kopo kwa gunia, na aivute kuanzia katikati mkunjo mmoja mmoja huku akiizuia kwa kiganja. Kabla ya hapo achore mshale kuonyesha inakokunjia. Ikirudishwa kinyume, hendeli haitakamata kitu.

Springi iliyokatika karibu na ncha ya nje bado ina maisha. Ncha hiyo inapashwa moto, sentimita chache tu, mpaka iwe nyekundu, inaachwa ipoe yenyewe polepole ili ilainike, ndipo inatobolewa tundu jipya la kunasia. Ni kazi ambayo fundi chuma wa Kamukunji ataielewa ukimwonyesha tundu la zamani. Mwonye tu asipashe moto springi nzima, maana italegea kama waya wa kufungia nyama. Iliyokatika katikati hiyo ni ya kubadilishwa. Pima upana, unene, urefu, na namna ncha zilivyo, kabla ya kuagiza. Na ile imani kwamba springi hukatika kwa kuzungushwa kupita kiasi si kweli sana: hukatika kwa kutu na kwa uzee. Zungusha mpaka uhisi mkono umezuiwa, usilazimishe, na usiiache imejaa ikilala usiku.

Kisanduku cha sauti ndicho moyo, na ndicho hupuuzwa kwa sababu ni kidogo kama kikombe cha kahawa. Kwenye mashine nyingi za kabla ya miaka ya 1930 kiwambo chake ni cha maika, kile kijiwe kinachopenya mwanga kama kioo. Kiwambo hicho hubanwa kati ya ringi mbili za mpira. Mpira wa miaka zaidi ya 80 umekuwa mgumu kama ukwaju mkavu: kiwambo hakitembei, besi inapotea, na sehemu zenye sauti kubwa zinapiga zzz.

Legeza skrubu inayokishika kisanduku kwenye mkono, kichomoe. Katikati ya kiwambo kuna skrubu ndogo sana iliyofunikwa nta. Ilainishe nta kwa ncha ya chuma chenye moto kidogo, kisha ufungue. Fungua bamba la nyuma, kwangua mpira wa zamani wote, usiache hata chembe. Kiangalie kiwambo kwenye mwanga: kikiwa na ukungu mweupe unaotambaa kutoka ukingoni, tabaka za maika zimeanza kuachana na hakitaimba tena vizuri.

Ringi mpya hukatwa kutoka mrija laini wa mpira wenye kipenyo cha takriban milimita 3. Ganda la waya laini wa umeme, likishavuliwa shaba yake, hufaa pia. Urefu ndio mtihani. Ukikata fupi, linabaki pengo na upepo unavuja. Ukikata ndefu, inavimba mahali pamoja na kukipinda kiwambo. Kata kwa wembe, ncha zikutane bila kusukumana, na maungio ya ringi mbili yawe pande tofauti. Kaza bamba mpaka kiwambo kishikwe tu, uache hapo. Kisha hakikisha mguu wa kishikio cha sindano unaligusa tundu la katikati bila kulivuta wala kulisukuma. Ukilazimika kuupinda kwa skrubu ufike, basi springi zake mbili za pembeni haziko sawa, zirekebishe hizo kwanza. Rudisha skrubu, dondosha tone la nta ya nyuki. Jaribu kwa kupitisha kidole taratibu kwenye sindano: pembe ijibu kwa mkwaruzo mkubwa, mkavu. Ikijibu kwa unyonge, kuna uvujaji.

Visanduku vya baadaye vyenye kiwambo cha alumini, kama vile vya gramafoni ya mkoba ya HMV 102, usivifungue ovyo. Alumini hiyo ni nyembamba mno, na ikishabonyea hainyooki. Badilisha tu ule mpira wa nyuma unaokiunganisha kisanduku na mkono, ambao nao huwa umegeuka jiwe.

Kilichobaki ni maungio ya mkono. Pale unapogeukia, paka grisi nzito kidogo, kwa ajili ya kuziba upepo zaidi ya kulainisha. Na kama kuna mlio wa zzz usiokoma hata kisanduku kikiwa kipya, igeuze mashine na uitikise. Sindano za zamani huangukia ndani ya mkono, na pembe iliyokaa darini huenda nyigu wameshaijengea udongo.

Neno kuhusu zile za pembe kubwa ya shaba inayometa zinazouzwa kama za kale. Nyingi ni za kuunganishwa juzi: mota na kisanduku vya gramafoni ya mkoba, ndani ya sanduku jipya lililopakwa rangi ya giza, na picha ya mbwa Nipper, nembo ya HMV, imebandikwa juu. Tumia mantiki ya miaka. Kuanzia mwaka 1906 pembe ilianza kuingizwa ndani ya kabati, na kufikia miaka ya 1920 pembe za nje zilikuwa zinapitwa na wakati. Pembe ya nje yenye kisanduku cha sauti cha miaka ya 1930 ni bibi harusi aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Angalia kiungo kati ya pembe na mkono: kwenye hizi za kubuni huwa na kona kali na mwanya, na sauti inaishia hapo. Kama pambo la sebuleni hazina neno. Kwa kusikiliza, gramafoni ya mkoba iliyochakaa, yenye sehemu zake zote za asili, inaishinda.

Mikoba mingi ya zamani ina kibakuli kidogo kwenye kona kwa ajili ya sindano. Weka mpya tu humo. Zilizotumika zina ncha ambayo jicho halitofautishi na mpya, kwa hiyo zitie mara moja kwenye kopo jingine lenye mfuniko, kabla hujageuza santuri.